Pipi Haitafunwi

Mwalimu wa Maadili ya Kazi hakuwa mpenda pipi, lakini hakuna siku aliyoingia darasani bila kikopo chake cha pipi za mnanaa. Umwulize mwanafunzi yeyote wa chuo kile cha ufundi yule mama anafundisha nini, atakuna kichwa kwanza. Habari za pipi atakupa hapo hapo, bila kuombwa. Mbele yake walimwita Mwalimu, kwa adabu zote. Akishageuka, Mama Pipi. Alijua, na wala hakujali. Katika ofisi ile ile ya walimu kulikuwa na mtu anayeitwa Zimwi la Hesabu, sasa Mama Pipi ina ubaya gani?

Chanzo cha pipi hizo ni baba yake mzazi. Ndiyo, baba yake. Ngojeni nieleze, msinikatize.

Mzee huyo alikuwa karani wa bohari, mtu mnyoofu, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Mezani pake alisema yeye. Alisema ya bohari, akasema ya dunia, akasema jinsi watoto wa siku hizi walivyoharibika, kisha akafuta mdomo na kutangaza, "Nimemaliza." Hapo basi. Mwenye la ziada akaongee na kuku uani. Siku moja binti yake, kitindamimba, akiwa na chakula shavuni, akauliza, "Kwa nini?" Jamani! Kijiko cha mzee kilisimama njiani. Mama mtu akamkanyaga mguu chini ya meza na kumnong'oneza, "Tena unasema na kitu kiko mdomoni, huoni haya?" Kaka zake wakainamia sahani. Hakuchapwa. Hakujibiwa pia, na huko kutojibiwa kulimuuma kuliko fimbo. Akaapa kimoyomoyo kwamba akikua atakuwa na chumba chake, ambamo watu wataulizana mpaka koo ziwakauke.

Chumba alikipata. Kilikuwa namba tisa, mwisho wa korido, jirani na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo kila hoja nzito ilisindikizwa na kishindo cha nyundo. Somo lake lilikuwa la lazima kwa watu wa mwaka wa pili wote: wapima ardhi, wahasibu, mafundi umeme, watu wa maabara. Viti alivipanga duara ili watu waonane nyuso. Mfagiaji alivirudisha kwenye mistari kila jioni huku akisonya, na asubuhi Mwalimu alivipanga tena huku akisonya, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake neno juu ya jambo hilo.

Lakini kupata chumba ni kazi moja, kupata maneno ndani yake ni kazi nyingine. Ule mwaka wake wa kwanza aliuliza swali zuri sana, alilokuwa amelipika wiki nzima, akasimama kungoja majibu. Wakauchuna. Mmoja alikuwa anatafuta kalamu chini ya kiti, na kalamu iko sikioni. Mwingine alisoma kwa makini ukurasa usio na maandishi. Mwingine alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Kile kimya kilimrudisha Mwalimu mezani kwa baba yake, kijiko kikiwa hewani, akashindwa kuvumilia. Akajijibu. Akauliza la pili, akajijibu. Wanachuo si wajinga; wiki haikuisha wakaanza kuambiana, "Tulieni, mwenyewe atajijibu." Mwisho wa mwaka alijikuta amehutubia peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, na siku ya kufunga kipindi cha mwisho, Mungu wangu, akasikia mdomo wake ukisema, "Haya, nimemaliza." Alikuwa baba yake mtupu, kasoro suruali.

Alilia siku hiyo, nyuma ya kabati la ofisi, na aliyemkuta ni Zimwi la Hesabu, akampa leso.

Pipi ililetwa na mafua. Mwaka uliofuata alikuwa na koo linalowasha, akauliza swali, akatupia pipi mdomoni, na kabla hajajijibu akakumbuka lile kanyago la mama yake: usiseme na kitu kiko mdomoni. Akanyamaza. Kuitafuna hakuweza, jino lake la nyuma lilikuwa bovu. Basi akawa anafyonza na kuwatazama, wao wanamtazama, nyundo ya karakana inagonga, na kimya kikazidi kuwabana wao kuliko yeye. Mwishowe fundi umeme mmoja akapasuka: "Basi mimi nasema siyo haki!" Ikawa ndiyo siku ya kwanza chumba namba tisa kusikia sauti isiyo yake.

Toka hapo akatunga sheria zake. Swali likitoka, pipi inaingia. Pipi haitafunwi. Mtu akisema, anaulizwa, "Kwa nini?" Akishaeleza, darasa linaulizwa, "Nani haoni hivyo?" na pipi nyingine inaingia. Na asiyeona hivyo haruhusiwi kumrukia mwenzake, sharti kwanza aseme mwenzake amesema nini, mpaka mwenzake akubali, "Hapo hapo." Ndipo ampinge. Nyie mnaweza kucheka, lakini nendeni mkaijaribu hiyo na mashemeji zenu, mtaona kama ni mchezo.

Mwaka huu ninaousimulia, darasa lake lilitia fora. Pipi ikigusa ulimi tu, mkono juu. Mtu anasema, anatoa sababu. Mwalimu anauliza nani haoni hivyo, mkono wa pili juu, tena kwa hasira ya adabu: "Mimi sikubaliani!" Wakishaparurana kidogo, anainuka wa tatu: "Mimi naona wote wawili wana hoja." Kila wiki hivyo hivyo, na sura zinabadilika, hata wale madomo zege walisema. Mwalimu alirudi nyumbani anaelea.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, kinyozi, mtu mpole asiyeongea sana kwa sababu wateja wake humwongelesha siku nzima, "darasa la mwaka huu ni moto wa kuotea mbali. Wananibishia!"

"Wanakubishia, nawe unafurahi?"

"Nafurahi! Ndiyo kazi yenyewe."

"Mbona mimi nikikubishia humu ndani unanuna siku mbili?"

"Wewe hutoi sababu," alisema, akanuna.

Sasa niwaambie ambalo Mwalimu hakulijua. Kiongozi wa darasa lile alikuwa kijana mmoja mnene wa sauti, wa uhasibu, waliyemwita Spika. Spika alikuwa na roho ya huruma na akili ya kupanga. Aliona wenzake wanavyoteseka pipi inapoingia, jasho linavyowatoka, akawaza: mateso haya kwa nini yawe ya wote kila wiki? Yagawanywe. Kila Jumatano, kwenye vibaraza vya bweni, akawa anapanga kwa mdomo: kesho wewe Mvunja Pipi, wewe Mpinzani, wewe Msuluhishi. Waliobaki, likizo. Mvunja Pipi aje na sababu, Mpinzani aje na sababu, na Msuluhishi hana haja ya kuja na chochote, ndiyo maana kila mtu aliutamani usuluhishi. Hakuna aliyeona ubaya. Waliona ni zamu kama zamu ya kudeki choo. Kumbe muhula mzima yule mama walikuwa wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anang'aa.

Katikati ya raha hiyo, Mkuu wa Taaluma akamwita ofisini.

Mkuu huyo alikuwa ametoka semina na begi jipya, na ndani ya begi hilo kulikuwa na penzi jipya: projekta. Somo lake mwenyewe, la Uongozi, alikuwa tayari ameshalihamishia ukumbi mkubwa, wanafunzi wote kwa mpigo, yeye anasoma ukutani na wao wanaandika.

"Mwalimu, hizi porojo zenu za duara zinatuvurugia ratiba," alisema. "Muhula ujao Maadili ya Kazi nayo inaingia ukumbini. Kijana mmoja ataisoma kwa projekta. Imekwisha."

"Na mimi, Mkuu?"

"Wewe utasimamia ratiba ya mitihani. Kazi nzuri, haina makelele."

Mwalimu alihisi maji yamemfika shingoni. Ratiba ya mitihani ilikuwa chumba kimoja kidogo chenye mashine ya kudurufu na hewa ya wino, ambamo mtu angeweza kukaa mpaka astaafu bila kuulizwa hata saa ngapi. Chumba chake cha maneno, alichokitaka toka ana umri wa kukanyagwa mguu, kinachukuliwa hivi hivi.

"Mkuu, njoo kwanza uone kwa macho yako," alisema. "Kaa kipindi kimoja. Ukiona ni porojo, nitahamia kwenye ratiba mwenyewe, bila kunung'unika."

Mkuu akapekua kalenda yake. "Alhamisi," alisema.

Mwalimu hakuwaambia wanafunzi, maana hakuona haja. Darasa si moto wa kuotea mbali? Ila chuo hakina siri. Jumatano ile Spika aliwakusanya vijana wake na kuwaambia kwamba kesho kuna mgeni, mama wa watu wanataka kumwondoa, kwa hiyo zamu ya kesho si ya kubahatisha. Akachagua kikosi cha ushindi. Mvunja Pipi, kijana mrefu mwembamba wa upimaji ardhi, aliyeitwa Futikamba. Mpinzani, kijana ambaye kwa kupenda ubishi walishamwita Wakili. Msuluhishi, binti mmoja wa umeme mwenye tabasamu la kumaliza vita. "Wengine wote," alisema Spika, "likizo. Msiharibu."

Mpango huo ulikuwa hauna kasoro. Ila usiku Wakili alivimba jino.

Alhamisi Mkuu akaja na begi lake, akatazama lile duara kwa jicho la mfagiaji, akavuta kiti chake nje kidogo ili asihesabiwe. Mwalimu akasalimia, akasimama katikati. Wakili hakuwepo. Kiti chake kilikuwa wazi, na Spika alikuwa anakiangalia kiti hicho, kisha mlango, kisha kiti.

"Uko kazini," alisema Mwalimu. "Mwenzako anaandika kwamba amekagua kazi fulani. Wewe unajua hakuikagua. Unafanyaje?"

Pipi ikaingia.

Futikamba akanyoosha mkono papo hapo, mkono mrefu kweli. Akasema atamwambia mwenzake kwanza faraghani, asiposikia atamfikisha kwa mkubwa, kwa sababu sahihi ni ahadi, na mpaka wa shamba ukikosewa leo, watoto wa watoto watakatana mapanga. Alisema vizuri, hakuna aliyeweza kumkosoa. Mkuu akaandika kitu. Mwalimu moyo ukamtulia.

"Nani haoni hivyo?" aliuliza, na pipi ya pili ikaingia.

Kimya.

Wote waligeuza shingo kwenye kiti cha Wakili. Kiti hakikusema. Nyundo ya karakana nayo, kwa kuwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza, ilikuwa imenyamaza. Spika alianza kutoa jasho. Akamkonyeza fundi umeme wa jirani: bisha wewe. Yule akatikisa kichwa: aka. Akamkonyeza mhasibu mwenzake, naye akajifanya kukohoa. Pipi ilikuwa inayeyuka kwenye shavu la Mwalimu, na Mwalimu anatabasamu kwa uvumilivu, anawangoja watu wake wa moto.

Yule binti wa kusuluhisha kimya kilimchanganya. Alidhani ameonyeshwa ishara. Akainuka na tabasamu lake.

"Mimi naona wote wawili wana hoja."

"Wote wawili nani?" aliuliza Mwalimu.

Binti akageuka kulia, akageuka kushoto. "Wote... waliosema."

"Amesema mmoja."

"Basi mimi naona huyo mmoja ana hoja mbili," alisema, akaketi. Mkuu wa Taaluma aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake na hakuyashusha tena.

Spika uvumilivu ukamwishia. Akamwinamia fundi umeme akinong'ona, ila Spika jamani ni mnene wa sauti, minong'ono yake inasikika karakana. "Bisha basi, tunaumbuka!"

"Si zamu yangu!" yule naye akajibu kwa uchungu, na darasa zima likasikia.

"Zamu ya nini?" aliuliza Mwalimu.

Hapo ndipo ningependa mtu aniambie angefanyaje yeye. Mkuu yuko pale. Begi liko pale. Mwalimu alikuwa na nafasi ya kucheka, akasema, "Haya, tuendelee," na mambo yangepita. Na alilitaka hilo, msidhani hakulitaka. Lakini alikuwa ameshauliza, na swali likitoka, pipi inaingia. Mkono wake ulikwenda kwenye kikopo kwa mazoea tu.

"Hakuna zamu yoyote, Mwalimu!" Spika aliruka. "Ni uzushi! Hapa kila mtu anasema la moyoni mwa..."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Wakili aliingia anahema, shavu limevimba, pamba imejaa mdomoni, na kidole kimoja kikiwa juu tayari.

"Hamahani Mwalimu! Mimi hihubaliani!"

"Hukubaliani na nini?"

Wakili akamtazama Spika amsaidie. Spika alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili.

"Na... aliyehema," alisema Wakili.

Kicheko kilichotoka kilimfikia mfagiaji nje, akaja kuchungulia. Mwalimu peke yake hakucheka. Kikaisha kicheko, kikarudi kimya, na kimya cha safari hii hakikuwa na utani ndani yake. Ndipo binti mmoja wa maabara, waliyemwita Bi Pole, ambaye sauti yake haikujulikana nje ya zamu, akasema bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, swali lako ndilo hili hili. Mwenzako ameandika amekagua, na hakukagua. Ndio sisi." Akameza mate. "Tunapangiana. Anayeanza, anayepinga, anayesuluhisha. Toka muhula uanze. Waliobaki tunapumzika."

Jamani, mficha uchi hazai, lakini kuuona uchi wako mbele ya mgeni nako si mchezo. Mwalimu masikio yalimwaka. Akaziona Alhamisi zote zile zikipita, mikono ile, hasira zile za adabu, na yeye mjinga mzima akimsimulia kinyozi wa watu usiku kucha. Alitaka kulia, akataka na kuwafukuza wote. Na neno la kuwafukuza lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limekuja lenyewe, neno la mzee wa bohari. Lingetoka, wallahi. Ila kwenye ncha ya ulimi huo kulikuwa na pipi, na mama yake alimfunza vizuri.

Akafyonza mpaka ikaisha. Kisha akauliza, na safari hii hakuwa anafundisha, alikuwa anataka kujua.

"Kwa nini?"

Ee bwana wee! Kama kuna mtu alitaka kuona majadiliano, angekuja hapo. Spika alisema si uongo, ni ushirikiano, hata timu ya mpira si wote wanaofunga mabao. Mhasibu mmoja akamwambia mpira hauchezwi na watu wanaojua matokeo. Binti wa kusuluhisha alisimama na machozi: "Mimi nimesuluhisha watu mara nne, na hawajawahi kugombana!" Wakili alipinga kila mtu, ila kwa sababu ya pamba hakuna aliyejua anapinga nini. Mwalimu alikuwa anazunguka ndani ya duara, "Kwa nini? Nani haoni hivyo? Kwanza sema mwenzako amesemaje!" na walikuwa wanasema, tena wanapatia.

Kisha Futikamba akasimama, na urefu wake ukawanyamazisha.

"Mimi nitasema, na Mwalimu anisamehe. Tumesikia muhula ujao somo hili linaingia ukumbini. Mimi naona liingie. Kule hakuna anayetudai maneno. Hapa mtu unakaa tumbo linakukata toka Jumatano. Ukikosea, watu wote wanakuona. Zamu tuliipanga kwa sababu ya woga, si kwa sababu ya uvivu. Lifutwe tu hili duara."

Kalamu ya Mkuu ilikuwa inakimbia. Mwalimu aliiona. Angeweza kumwambia kijana, "Haya, kaa, muda umekwisha," na muda kweli ulikuwa ukingoni. Kila alichokipigania toka meza ya baba yake kilikuwa kinafutwa na mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kutoa sababu. Akafungua kikopo, kifuniko kikamponyoka kikabingirika mpaka miguuni kwa Mkuu.

"Nani haoni hivyo?" alisema, sauti haikuwa yake. Pipi ikaingia.

Alingoja. Hakuna zamu sasa, hakuna Mpinzani. Alingoja kweli.

"Mimi," alisema Bi Pole. "Mwenzangu anasema duara linatutisha kwa sababu mtu akikosea anaonekana. Ukumbini mtu anakosea peke yake, hakuna anayejua."

"Hapo hapo," alisema Futikamba.

"Basi mimi mwakani nitakuwa maabara, napima damu za watu. Nikikosea peke yangu na hakuna anayejua, mgonjwa anaongezewa damu isiyo ya kundi lake." Akamgeukia Futikamba. "Mimi nataka nizoee kukosea mnaniona."

Futikamba alikaa taratibu, akawa anakuna goti.

Mkuu wa Taaluma akainuka, akaokota kifuniko, akaingia nacho ndani ya duara bila kujua ameingia. "Wewe kijana," alimwambia Futikamba. "Umesema somo la mwalimu wako lifutwe, mwenyewe yuko mbele yako, na mimi nipo. Katika somo jingine lolote hapa chuoni, umewahi kusema neno kama hilo?"

Futikamba alifungua mdomo, akaufunga. Mkuu, kwa kuwa ni mhadhiri wa siku nyingi, alivuta pumzi ili ajijibu mwenyewe. Mwalimu akamnyooshea kikopo. Mkuu akatazama kikopo, akamtazama Mwalimu, akachukua pipi moja, akaitia mdomoni. Kimya kikakaa. Jasho likaanza kumtoka Mkuu kwenye paji la uso, kisha, krah! kila mtu akasikia.

"Mkuu," alisema Mwalimu kwa heshima, "pipi haitafunwi."

Mkuu wa Taaluma akachukua pipi ya pili, akaiweka shavuni, akangoja kama watu.

"Sijawahi, Mkuu," alisema Futikamba hatimaye. "Ni hapa tu."

Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini alikuwa ameshazoea kutoa sababu.

"Kwenye lako, Mkuu, huwa nalala."

Spika alisema "Yesu wangu" kwa ule mnong'ono wake. Mwalimu akafumba macho, akakiona kile chumba cha ratiba, mashine ya kudurufu na hewa ya wino. Mkuu hakuweza kusema. Alikuwa na kitu mdomoni, na sheria ameshaambiwa. Akaihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda shavu lile. Alikaa nayo mpaka ikaisha, na wote walimwona inavyoisha. Kisha akavuta kiti cha jirani ya Wakili, akaketi ndani ya duara, akamtazama Futikamba.

"Kwa nini?" aliuliza.

Waliochelewa kutoka siku hiyo walikosa chakula cha mchana, na hakuna aliyelalamika ila mfagiaji.

Somo lilibaki chumba namba tisa. Jioni kinyozi aliposimuliwa yote, alifuta wembe kwanza, halafu akasema yeye haoni kama wale watoto walimdanganya, waliogopa tu. Na sababu akatoa. Mwalimu hakununa, au alinuna kidogo tu.

Alhamisi iliyofuata aliuliza swali lake, pipi ikaingia, na hakuna mkono uliopanda. Spika alitazama dari. Wakili, jino limepona, alitazama viatu vyake. Pipi ikaisha yote. Mwalimu aliogopa, maana moto wa kuotea mbali ulikuwa umezimika kweli, akachukua nyingine. Nayo ilipokaribia kuisha, yule fundi umeme aliyekuwa amesema si zamu yake akavuta kiti mbele kidogo.

"Mimi sijui, Mwalimu," alisema. "Lakini..."

Mwalimu akamgeukia, pipi ikiwa bado shavuni, akangoja.